Udongo wa Kuzuia Jua

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja mwenye degree ya kemia, imening'inia ukutani kama kalenda ya mwaka juzi. Kila ofisi ilimwambia, "We'll call you." Simu iko chaji mpaka leo.

Nyumbani alikuwa na dada yake mwenye ualbino, aliyelichungulia soko kupitia pazia tangu utotoni. Dada alitamani kitu kimoja tu: kukaa mchana kweupe kwenye meza ya nyanya ya mama yao, abishane bei na wateja, aitwe "jirani" kama wenzake.

Kijana akaenda kununua udongo ule laini wanaoutafuna wajawazito. Muuzaji akamkagua tumbo. "Na wewe miezi mingapi?"

"Miaka minne tangu chuo, mama, na hakijazaliwa kitu."

Akausaga, akauchanganya na dawa inayomeza miale ya jua, akampaka dada siku hiyohiyo. Haraka ya nini? Saa sita jasho likatiririka, na dawa nayo. Dada akarudi mabega mekundu kama nyanya zake.

"Kaka, dawa yako imelikimbia jua kabla yangu."

Kijana akakitukana chuo kizima. Kisha akakumbuka: udongo ule una matabaka kama kurasa, nyembamba kuliko za Biblia. Ukiuloweka na dawa, ukakoroga kwa subira, kurasa hufunguka, dawa ikalala katikati yake. Hapo jasho haliitoi. Akaloweka wiki tatu.

Dada akapakwa tena, akavaa kofia pana, akaenda. Jioni akarudi. Ngozi safi!

"Unaona? Science hiyo, dada! Halijakugusa!"

Dada akashusha ndoo. Nyanya zimejaa vilevile.

"Jua halijanigusa, kaka. Wala watu."

Sasa niambieni: wale wateja waliokata kona walipomwona, yule mama aliyemvuta mwanawe kando, walitoka sayari gani? Si walitoka ibada ya kwanza? Si ni sisi hawa, Biblia kwapani? Jumapili tunapakwa Neno juu juu, tunang'aa, amen, amen. Jumatatu sokoni, jasho kidogo tu, Neno limeshatiririka. Kulowekwa hatutaki. Tunataka instant!

Kijana yule alimaliza kazi yake, tena bila mshahara. Pazia lile sasa halishikiliwi na jua. Tunalishikilia sisi.

Kesho dada atatoka tena, kofia kichwani, ndoo mkononi. Nani kati yetu atamwita jirani?