Mstari wa Swila Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Tega sikio!

Hapo zamani za kale wanyama walishangaa. Panya huishi miaka miwili. Fuko, mdogo vilevile, huishi thelathini. Kwa nini? Wakasema, "Tukusanye habari zetu zote pahali pamoja, kila mmoja ajifunze kuishi."

Wakachagua jabali moja pana, wima kama ukuta. Nungunungu akawa karani. Akang'oa mwiba wake mgongoni, akaandika jiweni. Kwaru! Kwaru! Kila mnyama alitoa mambo manne: miaka yake, chakula chake, maradhi yake na mahali anapolala. Aliyetaka kusoma, alisoma. Ukuta ni wa wote.

Kanga akaandikwa. Siku ya tatu, mayai yake hayapo.

Digidigi akaandikwa. Siku ya tatu, mtoto wake hayupo.

"Bahati mbaya," wanyama wakasema. Wakaendelea kuandika.

Ikafika zamu ya Bi Fuko. Bi Fuko haoni vizuri, hujua mambo kwa masharubu. Nyumbani aliacha watoto kumi na wawili, wekundu, hawajaota hata unywele. Alipofika chini ya jabali, masharubu yakagusa vumbi. Pana mfuo mrefu, umepinda huku, umepinda kule. Hauna alama ya mguu. Akajua: aliyepita hapa hutambaa.

"Karibu, dada," akasema Nungunungu. "Miaka?"

"Thelathini."

"Chakula?"

"Mizizi."

"Maradhi?"

"Machache."

"Mnalala wapi?"

Bi Fuko akarudisha masharubu kwenye ule mfuo. Juu ya jabali kitu kikasema, sssss.

"Sema, mama." Ilikuwa sauti ya Swila, yule nyoka, laini kama mafuta. "Hata mimi najifunza."

"Sema, bibi wee!" akadakia Kima. "Kumbe kinachokuzidishia umri ni uchoyo!"

Wanyama wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Bi Fuko akajivuta ukutani, akapapasa mikwaruzo kwa masharubu, mstari kwa mstari. Kanga, mambo manne. Digidigi, manne. Swila, moja, mawili, matatu. Penye la nne jiwe lilikuwa laini, halijaguswa.

"Karani," akasema kwa sauti nyembamba, "Swila analala wapi?"

Nungunungu akatazama. "Alisema atarudi kunitajia."

"Si huyo hapo juu? Muulize."

Kicheko kikakatika. Digidigi akasogea mbele. "Swila," akasema, "unalala wapi?"

Swila akateremka upande wa pili, sssss, nyasi zikamfunika.

Nungunungu akasugua ukuta kwa mchanga, akafuta malazi yote, akaacha miaka, chakula na maradhi. Lakini alichokwisha kukisoma Swila, nani atakifuta? Mchana uleule wanyama walioandikwa wakahama, kila mmoja kimya, hakuna aliyemwambia mwenzake aendako. Bi Fuko akarudi kwake, akizunguka njia tatu asije akafuatwa. Akaingia shimoni, akagusa kichwa kimoja kimoja. Kumi na wawili. Akaziba mlango kwa udongo, akashindilia, akashindilia tena.

Basi, elimu ya kuishi igawiwe wote, maana ni njema. Lakini malazi ya mtoto hayaandikwi pahali ambapo adui anasoma. Na anayetaka kujua ya kila mtu huku yake kayaficha, huyo mwogopeni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiulizwa mnalala wapi, kwanza mjueni anayeuliza.