Ghala la Sikudhani

Serikali ilipoacha kununua na kuhifadhi mahindi, tajiri Sichalwe alibaki mnunuzi pekee, akashusha bei. "Msipotaka, walisheni fukusi," akawaambia wakulima.

Kesho yake alimkuta Sikudhani, mmoja wa wakulima hao, akifagia ghala tupu la serikali.

"Kulikoni, mama?"

"Nimeambiwa nifagie, nipige na dawa. Wanaingia Jumatatu."

"Kina nani?"

"Baba, mimi ni wa ufagio tu."

"Na mahindi yako?"

"Yatasubiri hiyo Jumatatu."

Jua halijazama, Sichalwe alikuwa amenunua mahindi ya kijiji kizima kwa bei maradufu, ili aiuzie serikali.

Jumatatu alifika na malori. Ghala lilikuwa limejaa kuku.

"Serikali iko wapi?"

"Imenikodisha ghala," alisema Sikudhani. "Bwana mifugo ndiye aliyeniambia nifagie. Karibu, baba. Hawa nao wanakula mahindi, ila ushushe bei."