Tangi la Fisi Halipungui

— Naita, naita!
— Tunaitika!
— Nisiposikika?
— Panda juu, uite tena!

Basi nimepanda. Sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize, sipendi kukatizwa.

Hapo kale, si kale sana, wanyama wa Mlima Mbwiga walikuwa na mnara wa simu. Mwenye mnara alikuwa Kifaru, mkubwa wa mwili, mgumu wa mkono. Umeme haukufika mlimani, kwa hiyo mnara uliishi kwa jenereta, na jenereta iliishi kwa dizeli. Ikinguruma du-du-du-du, simu zinaita. Ikinyamaza, simu zote za mlimani ni vipande vya plastiki tu.

Mlinzi wa mnara alikuwa Fisi. Fundi alikuwa Nyani, aliyekuja mara moja kwa mwezi kupima mafuta kwa kijiti. Kijiti ndani, kijiti nje. Kikilowa hadi juu, anaandika kwamba tangi limejaa, anakwenda zake.

Sasa Fisi, kila gari la mafuta likishaondoka, alitia mpira tangini akavuta kwa mdomo. Fyoo! Fyoo! Dizeli ikashuka ndooni, naye akaipeleka bondeni kubadilishana na nyama. Kisha akajaza maji pale alipopunguza. Mafuta huelea, maji hukaa chini, kwa hiyo kijiti cha Nyani kilitoka kimelowa na kinanuka dizeli vilevile. Lakini jenereta haidanganyiki kama Nyani. Ilinguruma du-du-du, ikanywa maji, ikakohoa kho, kho, du... kimya. Fisi akiulizwa, husema panya wametafuna waya. Na panya wakapigwa.

Chini ya mlima aliishi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, pamoja na mkewe Sihaba. Alasiri moja Sihaba alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alikuwa Kanga, ng'ambo ya mto, na Kanga akipigiwa simu huruka akaja upesi. Sange akapiga. Kimya. Akapanda kichuguu, akapiga. Kimya. Akapanda mti, akapiga. Kimya. Kosa lake ni hilo, na sisi wote tunalo: aliamini mtandao utarudi sasa hivi, sasa hivi. Alipokata shauri kukimbia, Sihaba alikuwa ameshakata roho, na mtoto yumo tumboni.

Matangani Fisi alifika wa kwanza na kula kuliko wote. Akamshika Sange mkono, akamwambia panya hawana utu. Alipofungua kinywa, Sange akasikia harufu ya dizeli. Akautoa mkono wake taratibu. Mwili wake wote ungeenea kwenye kiganja cha Fisi.

Arobaini ilipopita, Sange alipanda mlimani mchana kweupe, akajificha majanini. Akauona mpira. Akaiona ndoo. Akayaona maji. Akafikiri: nikishitaki, Nyani atatia kijiti, kijiti kitalowa, nami nitaitwa mwongo. Basi akaenda kwa Kifaru, na hakushitaki. Akasifu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukupongeza kwa mlinzi wako. Tangi lake halipungui."

"Marahaba. Halipungui vipi?"

"Muulize Nyani."

Nyani akaitwa, akaleta daftari. Mwezi huu limejaa. Mwezi uliopita limejaa. Mwezi wa kabla yake limejaa. Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika. Akawakusanya wanyama wote, akamsimamisha Fisi katikati, akamuuliza kama ni kweli kwamba tangi halipungui.

Fisi akamtazama Nyani. Akalitazama daftari. Akisema linapungua, ataulizwa kinacholijaza ni nini.

"Ni kweli, mzee," akasema.

"Basi gari la mafuta tulilete la nini?"

Fisi akaitikia. "La nini, mzee."

Wanyama wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Sange akapiga kwa nguvu kuliko wote. Kisha Kifaru akaogopa wenye minara mingine wasije wakamwiba mlinzi huyu wa ajabu. Akamfungia ndani ya uzio wa seng'enge, akamkabidhi Nyani ufunguo.

Siku ya tatu jenereta ikavuta maji. Kho, kho, du... kimya. Na safari hii kimya hicho hakikuisha, maana gari halikuja. Nyama ya Fisi ikaisha. Akapiga simu kwa Nyani. Kimya. Akapiga kwa Kifaru. Kimya. Nyani atakuja mwisho wa mwezi.

Siku ya tisa Sange akafika kwenye uzio. Fisi amelala chini, mbavu zinahesabika.

"Sange, ndugu yangu. Tangini mna maji. Niliyatia mimi. Nenda kawaambie."

"Ulishasema mbele ya watu wote kwamba ni mafuta," Sange akajibu. "Nikisema ni maji, nani ataniamini mimi dhidi ya mlinzi hodari?"

Akateremka. Nyani alipokuja na ufunguo wake, alikuta mifupa. Akatia kijiti tangini. Kijiti ndani, kijiti nje. Akaandika limejaa.

Ningependa niishie hapo, mcheke. Lakini wiki hiyohiyo mke wa Digidigi alishikwa na uchungu. Digidigi akapiga simu. Kimya. Akapanda kichuguu, akapiga. Kimya. Sange akamwona kule juu na simu sikioni, naye alijua nani ameuzima mnara mara hii. Akakimbia kwa Kanga, mbio, mbio, na miguu ile mifupi. Kanga akaruka mara moja. Sange akarudi nyuma yake, mbio, mbio.

Alipofika, mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani, na wanawake wamekaa chini. Digidigi akainuka, akamshukuru kwa kukimbia.

Funzo la hadithi hii ni hili: msifuni jirani yenu kila mnapomwona, maana sifa haijamdhuru mtu.

— Hadithi imekwenda zake. Anayeitaka?
— Aifuate kwa miguu!