Kivuli Hakipigiwi Hodi

Kivuli hakipigiwi hodi. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo jirani yetu Salmini, ambaye nyumba yake imeungua na bado anaona haya kulala kwa watu, mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi, maana vitabuni hamjaiona. Hamtaiona. Imezaliwa katika ukoo wetu, na mkunga wake ni ujinga wangu mimi. Ilianza hivi.

Dada yangu Chausiku alikuwa mgonjwa wa moyo. Madaktari wakasema apelekwe India akapasuliwe, bila hivyo mwaka haumaliziki. Mimi ndiye niliyeandamana naye, tukafika Delhi mwezi wa sita. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Pangani, miaka ishirini nikiwafundisha watoto wa watu adabu. Niliamini kwamba kwa habari ya adabu, na kwa habari ya jua, mtu wa Pangani hana la kufundishwa.

Lahaula! Kwetu jua likikuchoma, bahari hukupepea. Kule upepo wenyewe ndio uliochoma, kama umefungua tanuri la mikate. Na mbingu hatukuiona. Moshi wa magari na vumbi vilichanganyika vikawa ukungu wa rangi ya chai ya maziwa, unaowasha macho na koo. Chausiku alishinda ameziba pua kwa ncha ya ushungi wake, anakohoa.

Mwenye nyumba ya wageni alituonya tusitoke kati ya saa sita na saa kumi. Nikacheka. Tulitakiwa kwa daktari saa kumi na moja, lakini mimi nikataka tuwahi foleni, kama tunavyofanya huku. Saa saba tukapanda bajaji. Barabara ya hospitali ilikuwa imechimbwa, dereva akatushusha, akanyoosha kidole kwenye ghorofa jeupe lililokuwa linaonekana kwa shida ndani ya moshi.

"Ni hapo tu, dada," nikasema. "Tutembee."

Mtaa mzima ulikuwa mtupu, milango na madirisha yamefungwa. Nikasema kimoyomoyo, watu hawa ni wavivu kweli. Hatukufika mbali Chausiku akaanza kuhema. Midomo ilikuwa imemkauka na jasho halimtoki tena, na mimi sikujua kwamba hiyo ni dalili mbaya.

Ndipo tukafika mbele ya nyumba moja yenye baraza. Baraza ilikuwa imetandazwa turubai juu, pembeni limening'inizwa pazia la nyasi lililomwagiwa maji, na chini kuna mtungi mkubwa na vikombe. Ubaridi wake uliufikia uso wangu nikiwa bado barabarani. Chausiku akainua mguu aingie. Nami nikamshika mkono!

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nyumba ya watu hii."

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, kisha ya tatu. Nanyi mnajua tulivyolelewa: hodi tatu zisipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Nikageuka, na dada yangu nikamvuta. Hatua kumi hazikutimia, akaanguka.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja wa makamo, nywele zimemvurugika kwa usingizi. Hakuuliza sisi ni akina nani. Alimshika Chausiku miguu, mimi mabega, tukamlaza chini ya turubai. Akamlowanisha kichwa, shingo na kwapa, akawa anampepea kwa upepeo wa ukindu. Alipozinduka akamnywesha kidogo kidogo maji ya embe bichi lililochomwa, yenye chumvi na bizari nyembamba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nalia kama mtoto, na sioni aibu kuwaambia.

Kiingereza chake na changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana.

"Mbona mlipita?" akaniuliza.

"Mama, nilibisha mara tatu, hakuna aliyeitika."

"Nilikuwa nimelala. Saa hizi sote tunalala." Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi mzito. "Ulikuwa unaniomba nini?"

"Ruhusa ya kukaa kivulini."

"Ruhusa! Kila asubuhi naujaza mtungi huu na kulilowanisha pazia hili kwa ajili ya mpita njia. Ningetaka niombwe, ningeviweka ndani."

Aliitwa Sarla, na hadi leo sijaswali nikaacha kumwombea. Jioni alitufikisha hospitali mwenyewe. Daktari akasema kuwa dakika chache zaidi juani moyo ule ungesimama. Akauahirisha upasuaji kwa juma zima, kisha akaufanya, na Mungu akajalia.

Siku tatu kabla ya kurudi nyumbani, tulikwenda kumshukuru Mama Sarla, tumemchukulia kanga mpya. Safari ile hatukutoka mchana ng'o. Tulikwenda saa nne, ila njia zilituchanganya, tukafika adhuhuri wakati mlango umeshafungwa. Nikasimama nje ya turubai na kanga mkononi, nikakohoa kidogo, nikafungua kinywa.

Chausiku alinipita akaingia. Akaketi, akachota maji kikombe kimoja, akanywa taratibu mpaka mwisho, akafuta midomo. Kisha akachota cha pili, akaninyooshea.

"Utamwamsha mwenzio ili umsumbue kukukaribisha? Njoo unywe, mdogo wangu. Amekwisha kukukaribisha tangu asubuhi. Kivuli hakipigiwi hodi."