Nyumba Iliyozibwa Pumzi

Mjane mmoja alikuwa na nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, na wanawe wawili walikuwa wakivutana juu yake. Shekuwe, yule mkubwa, alitaka ibomolewe. Kila masika kuta zilivuja jasho, rangi ikabambuka, na mama akakohoa mpaka kifua kikamuuma. Msimlaumu Shekuwe, alimpenda mama yake. Unyevu ulipojitokeza alimwita fundi apake saruji, na saruji ilipopasuka aliongeza nyingine juu yake. Sasa alikuwa amechoka.

Mdogo wake, Mwanatumu, alikuwa chuo kikuu akitafiti historia ya majengo. Nyumbani walimtania kwamba amekwenda kusomea nyumba za marehemu. Alicheka nao, lakini utani ule ulimchoma, maana mama alikwisha kuapa kwamba hatalala kwingine akiwa hai. Mwanatumu akaomba nyumba iachwe hadi masika mengine. Shekuwe akakubali, huku akiagiza matofali.

Binti akaenda kwenye magofu nje ya mji, nyumba za umri ule ule, zisizo na paa wala mwenyewe. Akapapasa kuta zile akashangaa. Zilikuwa kavu. Iwaje nyumba iliyotelekezwa iwe nzima, na iliyotunzwa ioze? Swali hilo lilimkosesha raha. Alirudi tena na tena, akakwangua, akalinganisha, mpaka akaona kwamba tofauti ni moja tu. Watu wa kale walipaka chokaa, ambayo huuacha unyevu upite utoke nje, ilhali saruji huufungia ndani. Magofu hayakupata mtu wa kuyapenda kiasi cha kuyapaka saruji.

Akashika patasi, akaanza kuibandua saruji ya kaka yake. Majirani wakaja kutazama, wakanong'ona kwamba msomi kachanganyikiwa. Shekuwe alipofika na kuukuta ukuta u uchi, alikasirika, akamuuliza kwa nini anaimaliza nyumba ya mama.

"Kaka, nyumba haijazeeka," alisema Mwanatumu. "Tumeiziba pumzi."

Shekuwe aliweka kiganja juu ya jiwe lililokuwa limefunikwa miaka yote ile. Lilikuwa limelowa chepechepe. Akaenda kutafuta patasi yake.

Kiangazi chote waliziacha kuta zikauke, halafu wakazipaka chokaa. Masika yakaja kwa hasira, mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi Mwanatumu alipitisha mkono ukutani, chumba kwa chumba, na kila mahali palikuwa pakavu. Mama alikuwa bado amelala, hakukohoa hata mara moja. Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Matofali ya Shekuwe yakaenda kujenga uzio wa msikiti, na wale walionong'ona wakawa mlangoni wakiuliza chokaa hupakwaje.

Nanyi mnaonisikiliza, ni nani huko nyumbani mwenu mnayemwita mbovu, kumbe ni ninyi mliomziba pumzi kwa kumpenda?