Paa la Ndeshi

Jamani, mko macho au mmeshaanza kusinzia?

— Tuko macho!

Nikitia chumvi, mtanikatiza?

— Tia tu, tunasikiliza!

Basi, hapo kale, juu kabisa kwenye mteremko wa Kibo, aliishi Pimbi mmoja, jina lake Ndeshi. Mwili mdogo, lakini maringo! Nyumba yake aliiezeka nyasi kwa mikono yake mwenyewe, paa likasimama wima kuliko la jirani yeyote. "Kwangu mimi theluji haikai," alisema, kidevu juu. Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mwaka huo theluji ikaanguka, ikaanguka, ikaanguka. Malisho yote yakafunikwa. Nyati, mlafi asiyejua kushiba, akaanza kula mapaa ya wenzake. Akafika kwa Nungunungu: chakacha, chakacha, paa likaisha. Akafika kwa Panyabuku: chakacha, chakacha, paa likaisha. Wote wakakimbilia kwa Ndeshi, meno yakigongana kwa baridi.

Ti! Ti! Ti! Nyati huyo, kafika.

"We Pimbi! Nimekuja kula paa lako."

Ndeshi akageuka nyuma. Ndani mna vitoto vyake vichanga. Paa likiliwa, baridi itavimaliza. Na juu nako, safari hii theluji imekaa. Imeganda barafu kwenye nyasi, na boriti zinalia kwa! kwa! Aibu iliyoje!

"Karibu, mzee wangu!" akaitikia. "Ila mkubwa kama wewe hali popote tu. Njoo upenuni, kwenye nyasi tamu."

"Hapa?"

"Sogea ukutani."

"Hapa?"

"Hapo hapo! Sasa ngoja nikupashie moto, ziwe laini."

"Fanya haraka, bibie, njaa inaniuma!"

Ndeshi akawageukia wenzake. "Leteni kuni! Zote!" Akachochea, akachochea. Joto likapanda mpaka darini, barafu ikaanza kulegea. Nyati huko nje kaachama, mate yanamchuruzika.

Porooooo... PUU!

Theluji yote ikaporomoka, ikamfukia Nyati mpaka shingoni.

"Pimbi, umeniua!"

"Mimi tena? Waulize majirani. Kwangu theluji haikai!"

Nyati akalia, akaapa kuleta nyasi za kuezekea kila paa alilokula, na kuzileta tena kila mwaka. Ndipo wakamfukua. Nungunungu na Panyabuku wakaezeka upya, wima vilevile, na Ndeshi akawasimamia, kifua mbele.

Hadithi yangu imechoka, nailaza hapo. Na funzo lake? Ujanja haufai, wanangu. Mtazameni Ndeshi, masikini! Alifanya ujanja mara moja tu, na mpaka leo anahangaika na paa zima, watoto wenye joto, na Nyati wa kumbebea nyasi. Mtayaweza mateso hayo?

— Tutajikaza!