Kisima Kilichodai Kiapo
Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na milango na majirani kama sisi, palikuwa na mji uitwao Kiwambani. Ulianza na nyumba chache na kisima kimoja. Wageni wakaja, wageni wakaita ndugu, ndugu wakaita mashemeji, mpaka mji ukafura kama unga uliotiwa hamira. Kisima kikabaki kilekile.

Kilimani, penye upepo mzuri, alijenga Jumbe Kiboko. Mwili mkubwa, nyumba kubwa, na choo chake msiniulize. Shimo lake alilichimba juu kabisa, na kisima kiko chini ya mteremko. Nyinyi mmeshaelewa. Hata Kiwambani walikuwapo walioelewa, lakini nani angesema? Kiboko akishamkalia mtu, mtu huyo habari zake zimekwisha.

Watoto wakaanza kuharisha. Bi Nguchiro, mama mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa ulimi, alizika wawili katika masika moja. Akabakiwa na kitindamimba wake, Tumu, naye macho yalikwishaanza kuzama. Akapanda kilimani kumsihi Jumbe ahamishe choo. Kiboko alimsikiliza huku akinywa maji ya chemchemi yake mwenyewe, aliyoizungushia ua wa miiba. Akamjibu kwamba maji ya kisima ni safi kabisa, ila humo kisimani mna pepo, na pepo huyo ana njaa.

Tangu hapo kila nyumba ikatoa sadaka kila Ijumaa: wali wa nazi, maandazi, halua. Fisi, mpiga mbiu wa Jumbe, ndiye aliyekabidhiwa kumfikishia pepo. Ajabu ni kwamba mlaji alikuwa pepo, walionenepa ni Fisi na Jumbe. Na vijeneza viliendelea kupita.

Nguchiro alikasirika mpaka akasaga meno. Alikaa kando ya kitanda cha Tumu, akimpangusa midomo iliyokauka, akawaza. Ukimwambia mkubwa kwamba ni mwongo, atakukanyaga. Afadhali uuchukue uongo wake uukuze, mpaka umwelemee mwenyewe.

Sasa Kiwambani walikuwa na desturi. Jambo likishindikana, watu hula kiapo kwa maji. Kila mmoja hunywa kata nzima mbele ya wote, na mwenye hatia tumbo humfura. Awe Jumbe au mwana wa nani, hakuna aliyeruhusiwa kukataa.

Ijumaa ikafika. Kwenye jua la utosi, saa ambayo wazee hukataza watu kupita kisimani peke yao, Nguchiro alitangulia kabla ya sadaka. Akateremka ndani akajibanza katika ufa wa mawe, juu kidogo ya maji. Palikuwa na baridi isiyofanana na mchana wa nje. Maji yalikuwa meusi, yametulia mno, na alipoyatazama hakukiona kivuli chake. Alitaka kupanda arudi. Akamkumbuka Tumu, akabaki.

Watu wakakusanyika na masinia yao. Fisi alipoanza tu kupokea, sauti nzito ikapanda, mawe yakiirudisha kwa mwangwi.

"Sina njaa tena. Nataka kiapo. Wenye nyumba wote wanywe maji yangu, anayenichafua ajulikane."

Sinia likaanguka, kwangwara! Fisi aliufyata mkia. Jumbe aliangalia huku na huku, lakini angesema nini? Kwamba hakuna pepo? Si yeye aliyemtangaza?

Ndoo ikashuka, chubwi, ikapanda. Digidigi akanywa. Pimbi akanywa. Kobe naye akanywa, maskini, maji yaleyale aliyoyanywa jana na juzi. Kata ikafika kwa Kiboko. Akainua kichwa, akaimimina yote kinywani, akairudisha tupu. Watu wakashusha pumzi.

Lakini Nguchiro, kutoka kwenye ufa wake, aliliona koo la Jumbe pale ukingoni. Halikucheza hata kidogo. Maji ameyaficha shavuni! Akafungua kinywa ili aseme, na sauti ikamtangulia.

"Meza, babu."

Haikuwa yake. Ilitoka chini, majini, ndogo, ya kitoto. Ya pili ikaifuata.

"Meza. Sisi tulimeza."

Manyoya yalimsimama Nguchiro. Sauti zile alizijua, mama hawezi kuzisahau. Aliogopa, na wakati huohuo alitamani kujitupa majini awakumbatie. Alitaka kuwaita kwa majina, lakini walio juu wangemsikia.

Kule juu Kiboko alitetemeka mashavu. Pfuuu! Maji yote yakamtoka, akaanguka magoti mavumbini.

"Siyamezi! Nayajua yaliyomo. Choo changu ndicho kinachovujia humo. Pepo nilimzua mimi, nisamehewe."

Kobe akamtazama. "Ikiwa ulimzua," akauliza polepole, "basi anayesema humo ni nani?"

Mara Nguchiro akachomoza kisimani, amelowa, anahema, na watu wakacheka kwa jinsi walivyofarijika. Wakambeba juu juu. Ua wa miiba ukang'olewa jioni ileile, wote wakateka chemchemini, na Kiboko akafukia choo chake kwa mikono yake, Fisi akimbebea udongo. Tumu alinywa maji safi siku kadhaa, akaamka asubuhi moja akidai uji.

Watu walimsifu sana Nguchiro kwa kuigiza sauti tatu peke yake. Hakuwakanusha. Ila kabla kisima hakijafunikwa kwa jiwe, aliomba aachwe peke yake kidogo, akainama ukingoni akanong'ona majina mawili.

Basi wanangu: anayekuapia kwamba maji ni safi, mpe kata aanze kunywa yeye.